Kabla ya kupeleka mashine ya MRI nyumbani, tuulize umeme utaingiaje chumbani

Kila ukifika msimu wa michango huku ughaibuni, jumuiya zetu za London, Muscat, Dubai, Toronto na Washington huanza mazungumzo yale yale: mwaka huu tuwapelekee nini wenzetu nyumbani? Zamani jibu lilikuwa vitanda vya hospitali, magongo, viti vya magurudumu na makontena ya nguo. Siku hizi tumepanda daraja. Tunasikia watu wakizungumzia mashine za CT na hata MRI, mpya au iliyotumika, na picha ya mashine yenyewe ikizunguka kwenye simu za watu, nyeupe, inang'ara, ina tundu katikati kama mdomo wa pango. Fedha zinaanza kumiminika. Ni jambo jema na sisi tunalipongeza kwa moyo mkunjufu, kwani kila mmoja wetu anamjua mtu aliyelazimika kupanda boti, basi au ndege kwenda kutafuta kipimo ambacho hakikuwepo mjini kwao.

Lakini katika mikutano yote hiyo kuna suali moja ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa. Si suali la bei, wala la forodha, wala la nani atakata utepe. Ni hili: umeme utaingiaje ndani ya chumba cha mashine ile, na utakuwa umeme wa namna gani?

Tunajua wengi watasema, hilo ni la mafundi. Na ndipo tunapotofautiana. Sisi tunaona hilo ni la kamati, ni la mweka hazina, ni la kila aliyetoa pauni kumi au riali tano zake, kwa sababu hapo ndipo mashine za aina hii zinapofia. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa vya hospitali, lilisema kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vinavyotolewa msaada ndivyo vinavyofika hatua ya kufanya kazi. Yaani katika mashine kumi zilizofungwa utepe, saba, nane au tisa zinabaki kuwa samani. Sababu ni nyingi, lakini umeme hauko mbali na mojawapo.

Sasa hebu tueleze kidogo, na tunawaomba radhi wale wanaoyajua haya.

Mashine ya MRI haitumii eksirei. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Mgonjwa akilazwa ndani ya ile sumaku, mashine inampelekea mawimbi ya redio, kisha inanyamaza na kusikiliza. Mwili wake unajibu kwa sauti ndogo mno, na kutokana na jibu hilo kompyuta inachora picha ya ubongo, uti wa mgongo au goti. Tatizo ni kwamba jibu lile linakuja kwenye masafa yale yale ambayo dunia nzima inayatumia kwa kelele zake. Mashine ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida mahospitalini, inasikiliza kwenye megahezi 64 hivi, jirani kabisa na masafa ya televisheni za zamani. Ya tesla 3 inasikiliza karibu na megahezi 128, ndani ya masafa ambayo marubani wanazungumza na mnara wa kuongozea ndege. Ongeza hapo pikipiki inayopita nje, mashine ya kuchomelea vyuma ya fundi wa mtaa wa pili, na chaja za bei rahisi zilizojaa kila soketi. Ni sawa na kumtaka mtu asikilize mnong'ono wa mgonjwa katikati ya soko la Darajani.

Kwa hiyo mashine hujengewa chumba ndani ya chumba. Kuta, dari na sakafu huvishwa madini bila kuacha upenyo, aghalabu shaba, pengine alumini au bati la chuma lililopakwa zinki. Dirisha la kumchungulia mgonjwa lina wavu wa madini ndani ya kioo. Mlango una vidole vyembamba vya shaba pembeni, ili ukifungwa madini yagusane na madini mzunguko mzima. Fikra hii si mpya. Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kama hicho mwaka 1836, akakivisha madini, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje umeme ukirusha cheche, na ndani hakuona kitu. Chumba cha leo hutakiwa kupunguza mawimbi ya nje kwa desibeli 100 hivi, na kwa lugha ya kawaida hiyo ni kusema nguvu inayopenya ni sehemu moja tu katika bilioni 10. Hakuna sanduku la chuma la karakana ya mtaani litakalofika hapo kwa kubahatisha.

Hapa ndipo penye kitendawili chenyewe. Umeshajenga tundu la shaba lisilopenya hata mnong'ono, halafu unahitaji taa ndani, soketi ndani, na umeme wa kuendesha vifaa ndani. Waya wowote unaotoka nje ukaingia ndani ni antena. Haujali kwamba wewe umeuita waya wa taa. Utazoa kelele zote za mtaa, upenye nazo kwenye ukuta, na kuzimwaga ndani ya kile chumba ulichokigharimia fedha nyingi. Waya mmoja tu unatosha, na shaba yote iliyobaki inakuwa pambo.

Dawa yake ni kichujio. Ni sanduku la chuma linalofungwa juu ya ukuta wa shaba penyewe, mahala ambapo waya unapita, na ndani yake mna koili na kapasita. Koili inauacha umeme wa hezi 50 upite bila taabu lakini inayazuia mawimbi ya redio, na kapasita inayachota yale yaliyobaki na kuyarudisha kwenye ukuta wa chumba. Umeme unapita, kelele inabaki nje. Kila waya uwe na chujio lake: wa moto, wa nyutro, wa taa, wa kengele ya mgonjwa, wa kipimo cha joto. Pasiwe na ubaguzi, kwani mawimbi hayana adabu ya kujua huu ni waya mdogo. Yale yasiyopitishwa kwa waya hupitishwa kwa nyuzi za kioo kupitia bomba jembamba la madini, na hata hewa ya kiyoyozi huingia kwa kupita kwenye wavu wenye vitundu kama sega la nyuki.

Fundi mmoja mwenzetu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali za Ghuba, alitupa kisa ambacho tunakirejea bila kutaja hospitali. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, ghafla picha zikaanza kutoka na mstari unaokatiza katikati kama zipu ya suruali. Wakaita mafundi, wakabadilisha hiki na kile, mstari upo. Siku ya tatu ndipo mtu akauliza taa. Kumbe mtunza jengo aliona taa moja imeungua, akanunua taa ya LED dukani, akaipachika. Ndani ya taa zile za bei rahisi mna kisakiti kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, nacho ni kituo kidogo cha redio. Alikuwa ameiingiza redio ndani ya chumba cha kuzuia redio, kwa nia njema kabisa! Ndiyo maana vyumba hivi hutumia taa za umeme wa betri, ule usiobadilika mwelekeo, ambao chanzo chake kimewekwa nje na kupita kwenye kichujio.

Mtu anaweza kusema, basi mstari kwenye picha una ubaya gani, daktari si ataona? Daktari ataona pale mstari usipoangukia kwenye kile anachokitafuta. Na kila picha inayorudiwa ni mgonjwa mwingine aliyeambiwa njoo wiki ijayo.

Hayo ni ya usafi wa umeme. Ya usalama wake ndiyo yaliyotufanya tuandike, kwa sababu hayazungumzwi kabisa na yanaweza kuua mtu.

Tumesema kapasita za kile kichujio zinachota kelele na kuzipeleka kwenye ukuta wa chumba. Lakini kapasita hizo hizo zinapitisha pia kiasi kidogo cha umeme wa kawaida, saa zote, hata kama hakuna taa iliyowashwa. Kapasita ya mikrofaradi 10, ambayo si kubwa kwa vichujio vya aina hii, ikiwekwa kwenye volti 230 na hezi 50 inavujisha ampea 0.7 hivi kwenda ardhini. Msomaji anayefahamu nyaya za nyumba atashtuka mara moja, kwa sababu kile kikata umeme cha usalama kinachowekwa majumbani hukata kikiona milliampea 30 tu zimevuja. Hapa tunazungumzia milliampea 700. Kichujio kizima, kikiwa na nafsi yake, kila kitu sawa, kitakiangusha kikata umeme kila kikiwashwa.

Sasa tuchukue fundi wa kawaida, hodari wa nyumba na hoteli, aliyeitwa usiku kwa sababu chumba cha MRI "kinaangusha breka". Atapima, ataona umeme unakwenda kwenye waya wa ardhini, ule wanaouita ethi. Atafikiri amegundua ubovu. Ataufungua ule waya, na tazama, breka haianguki tena! Mkubwa wa zamu atamshukuru. Lakini alichokifanya ni kukikata chumba kizima na ardhi, na kumbuka kwamba vyumba hivi hutengwa kwa makusudi na jengo na hufungwa ardhini kwa sehemu moja tu, ili mikondo isizunguke kwenye kuta na kuharibu picha. Sehemu ile moja ikiondoka hakuna nyingine. Pale pale, ukuta wote wa shaba, fremu ya mlango na kitasa vinapanda hadi nusu ya volti za laini, volti 115 hivi, vikiwa na mkondo wa kutosha kumuua mtu. Muuguzi anayeufungua mlango akiwa amekanyaga sakafu iliyodekiwa hana habari.

Njia sahihi inajulikana na si uganga. Kabla ya kichujio huwekwa transfoma ya kutenganisha, ili uvujaji ule uzunguke kwenye transfoma yenyewe na usirudi kwenye nyaya za jengo. Waya wa ethi wa kichujio hufungwa wa kwanza kabla ya waya wa moto, na hufunguliwa wa mwisho. Hufungwa kwa boliti, si kwa plagi ambayo mtu anaweza kuichomoa apate pa kuchaji simu. Na juu ya sanduku huandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa pana uvujaji mkubwa, ethi isiguswe. Tunapendekeza iandikwe kwa Kiswahili. Tumeshaona maonyo ya vifaa vya msaada kwa Kijerumani, Kichina na Kiholanzi, na fundi anayetakiwa kuyasoma ni mtoto wa Mwembeladu au Mbagala.

Jambo jingine: kapasita hukaa na umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Fundi anayekifungua kichujio mara tu baada ya kukata umeme, kwa kuamini kimekufa, anaweza kuonja asichokitarajia. Anatakiwa angoje, apime, ndipo aguse.

Tukija kwenye ardhi yenyewe, kwetu pwani pana mtihani wa peke yake. Ethi ni waya na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na uzuri wake unategemea udongo. Udongo wa bondeni wenye unyevu unapokea umeme vizuri. Mawe ya matumbawe hayapokei. Sehemu kubwa ya Unguja upande wa mashariki na kusini, na ukanda mrefu wa pwani ya bara, ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na vumbi tu. Nondo moja ya mita moja na nusu, inayotosha nyumba ya shamba kule Kent, hapo haina maana. Panatakiwa nondo nyingi zilizounganishwa, au kisima kilichochimbwa mpaka kwenye unyevu, na kipimo kifanyike wakati wa kiangazi, si wakati wa masika ambapo kila ardhi inaonekana njema.

Kisha kuna chumvi ya hewa. Shaba ikigusana na alumini au bati mahala penye unyevu wa bahari, madini moja humla mwenzake. Vidole vya mlango vinaota kutu ya kijani, boliti za ethi zinalegea, na chumba kilichopimwa vizuri siku ya ufunguzi kinaanza kuvuja mawimbi baada ya muda bila mtu kujua. Kuna pia wezi. Tusioneane haya katika hili, nyaya za shaba zinaibiwa, za reli, za simu, za transfoma, na waya mnene wa ethi unaoshuka nyuma ya jengo la hospitali ni shaba safi iliyo tayari kukatwa. Na mwizi wa ethi ni mbaya kuliko mwizi wa waya wa moto, kwa sababu akishaukata taa haizimiki. Kila kitu kinaonekana kinafanya kazi. Waya ule upitishwe ndani ya bomba la chuma, uzikwe, na mtu awe na kazi ya kuukagua kila wiki na kutia sahihi.

Mpaka hapa tumezungumzia umeme ukiwepo. Wazanzibari hawana haja ya kukumbushwa umeme usipokuwepo. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani. Disemba 2009 ikarudia tena, na safari hiyo giza liliendelea mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili, kisiwa kizima kikitegemea waya mmoja wa baharini uliolazwa tangu 1980. Waya mpya wa megawati 100 kutoka bara ulikamilika 2013 kwa fedha za Marekani, na Pemba nayo ilikwishaungwa na Tanga mwaka 2010. Hali si ile tena, na tunashukuru. Lakini anayepanga kuweka mashine ya MRI kisiwani, au Mtwara, au Kigoma, au Bukavu, asipange kwa kutazama wiki nzuri aliyokwenda likizo.

Kwa nini? Kwa sababu MRI haizimwi kama televisheni. Sumaku yake imezamishwa kwenye gesi ya heli iliyopozwa mpaka ikawa maji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kuna kompresa inayofanya kazi usiku na mchana, siku za kazi na za sikukuu, kuilinda baridi ile. Umeme ukikatika na kompresa ikisimama, heli inaanza kuchemka na kupotea. Lita moja ya heli ya maji inatoa gesi lita mia saba na zaidi. Mambo yakizidi, sumaku yenyewe inazimika kwa ghafla na heli yote inatoka kwa kishindo kupitia bomba la paani. Kuijaza tena ni fedha nyingi, na heli haipatikani dukani Kariakoo. Kwa hiyo kuna umeme wa aina mbili wa kupanga: ule wa kupiga picha, na ule wa kulinda baridi hata pale asipokuwepo mgonjwa. Jumuiya nyingi zinapanga wa kwanza tu.

Na hata ule wa kwanza una hila zake. Mashine inapopiga picha haivuti umeme kwa utulivu, inauvuta kwa mikupuo, inakoroma na kupumzika, inakoroma na kupumzika. Ile sauti ya kugonga anayoisikia mgonjwa ndiyo mikupuo yenyewe. Jenereta iliyopimwa kwa wastani wa matumizi itayumba kila mkupuo, volti zitashuka na kupanda, na kompyuta za mashine zitalalamika. Waya mwembamba kutoka kwenye transfoma ya mtaa utafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kifungwe kifaa cha kurekodi volti pale pale pa kujengea, kwa mwezi mmoja angalau, kirekodi kila kushuka, kila kupanda na kila kukatika. Ni kazi ndogo isiyo na picha ya kurusha kwenye simu. Hatujaona kamati hata moja iliyochangishia kifaa hicho.

Wenzetu wa Marekani na wa Saudia wana jambo lao la ziada. Umeme wa nchi hizo mbili ni wa hezi 60. Wa Tanzania, Kenya, Uganda, Oman, Imarati na Uingereza ni wa hezi 50. Tumesikia mara nyingi watu wakisema "tutaweka transfoma tu". Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya pampu au ya mashine ya kupozea maji iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 inazunguka polepole zaidi, inapasha moto, na baridi inayotoa ni pungufu, katika nchi ambayo joto la nje ni zaidi. Mashine ya mkono wa pili inayotoka Texas inaweza kuwa zawadi, na inaweza kuwa mzigo. Iulizwe kwa maandishi, kifaa baada ya kifaa, kabla ya kontena kufungwa.

Tunajua pingamizi litakalokuja, na lina uzito. Watasema: nyie mnakaa ulaya, mkiumwa kichwa mnaandikiwa kipimo, na sasa mnawawekea masharti watu wasio na chochote. Mashine ije kwanza, mengine yatapatikana mbele ya safari. Tunaielewa hasira hiyo. Lakini tuliangalie lililotokea Muhimbili Novemba 2015, pale Rais Magufuli alipoingia hospitali bila ya taarifa siku chache baada ya kuapishwa, akakuta mashine za MRI na CT hazifanyi kazi, na bodi ikavunjwa. Mjadala wote wa siku zile ulikuwa wa uongozi, na ulistahili. Funzo tulilolichukua sisi ni jingine: hospitali kubwa kuliko zote nchini, yenye wahandisi na bajeti, ilikuwa na mashine iliyopo na kipimo kisichokuwepo. Hospitali ya wilaya itafanyaje? Mashine iliyokufa inakula zaidi ya nafasi. Wizara ikiulizwa, jibu linakuwa "wilaya ile inayo MRI", na foleni ya msaada inasonga mbele kwa wengine.

Tena masharti haya hayahusu MRI kubwa peke yake, na si lazima kila mtu aanze na hiyo. Mwaka 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Mbarara cha Sayansi na Teknolojia nchini Uganda, wataalamu wa pale wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunga mashine ndogo ya MRI pale pale chuoni, yenye sumaku dhaifu zisizohitaji heli wala umeme wa kuzipoza, ikiwalenga watoto wenye maji kichwani. Marekani nako, mwaka 2020, iliidhinishwa mashine ndogo yenye magurudumu, inayosukumwa mpaka kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, bila chumba cha shaba. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, na kuna maradhi ambayo hazitayaonesha. Lakini kwa hospitali ambayo volti zake zinacheza na haina mhandisi, tunathubutu kusema hiyo ni zawadi bora kuliko jitu la tani kadhaa linalosubiri heli. Kamati inayojua umeme wa mahali pake ndiyo itakayoweza kuchagua. Isiyojua itachagua kwa picha.

Kwa zile zitakazoshikilia mashine kubwa, sisi tunapendekeza michango igawiwe tangu siku ya kwanza, mafungu mawili, na lile la chumba na umeme lisiguswe na mtu kwa ajili ya mashine. Fungu hilo lilipie kurekodi volti, ethi iliyopimwa kiangazi, transfoma ya kutenganisha, vichujio pamoja na kimoja cha akiba, jenereta iliyopimwa kwa mikupuo, na kipimo cha chumba kila mwaka kitakachofanywa na mtu asiyekuwa yule aliyekijenga. Pia lilipie mafunzo ya mafundi wawili wa hospitali ile ile, sio mmoja, kwa sababu mmoja akifunzwa vizuri ataajiriwa Doha kabla ya mwaka kumalizika, na hatuwezi kumlaumu kwani nasi tuliondoka vivyo hivyo.

Na ikiwa fedha za fungu hilo hazitoshi, mashine ibaki ilipo, kwenye ghala la muuzaji, hata ikichukua miaka miwili. Najua wanakamati watapata taabu kuwaeleza wachangiaji. Wawaeleze hivyo hivyo, wakiwa na karatasi ya volti mkononi.